Mninga wa Somoe

Mwanangu, siku ile naikumbuka kwa tope lake. Mama Hana aliingia uani kwetu hapa Mbekenyera anasukuma baiskeli, maana bodaboda zenu hizi hazikuwepo. Alikuwa mkunga, Myahudi, mgeni wa hospitali ya misheni, na ndiye aliyenizalisha nilipomzaa mama yako, Somoe. Kikapuni alikuwa na tende na mche wa mninga.

"Leo kwetu ni mwaka mpya wa miti," akasema. "Tunakula matunda, tunapanda."

Babu yako, Mungu amrehemu, mdomo wake haukuwa na breki. "Miti nayo ina mwaka mpya? Basi tuipikie pilau!"

"Pika. Mti ukishindwa, nitakula mimi."

Tukacheka. Akatueleza kwamba zamani kwao mtoto akizaliwa walimpandia mti, na siku ya ndoa yake wakakata matawi ya mti huohuo, wakayafunga kitambaa juu, maharusi wakasimama chini yake. Mama mkwe wangu alikuwa anapembua choroko. Akaweka ungo chini, akachimba shimo mwenyewe, palepale alipozika kitovu cha mjukuu wake.

Mama Hana akarudi kwao. Mninga ukatanda, ukaufunika ufuta wangu, na ufuta bila jua unaujua mwenyewe. Nikabeba shoka. Mama mkwe akaja akauegemea ule mti.

"Mkwe, weka shoka. Ufuta utapanda tena mwakani. Somoe utamwoza chini ya nini? Chini ya hasira zako?"

Nilinuna mimi! Hata ugali nilimpelekea bila salamu.

Harusi yenyewe hakuiona, alitangulia. Tukakata matawi manne, tukayafunga ile kanga yake aliyojifunga siku ya kuchimba shimo. Shehe akauliza, "Hiki nini tena?" Nikamwambia, "Bibi yake kaja." Somoe akakaa chini ya matawi, analia.

Sasa wewe nasikia umeazima msumeno Ruangwa uukate mninga huo, unataka ufuta wako ufike mpaka ukutani, na mwanao hata arobaini bado. Mwanangu, ufuta utauvuna msimu huu na mwingine. Ukihitaji tawi, kata tawi, shina liache. Na huyo mchanga mpandie wake kabla mvua hazijakatika, shimo uchimbe kwa mkono wako, usitume mtu.

Mungu amkuze, akuweke na wewe mpaka umwone chini ya matawi yake. Kama sitakuwepo, kanga yangu ya njano iko sandukuni, upande wa chini.