Isale Nililolifunga Fundo

Mpaka leo nikikumbuka jambo hili nashika kichwa. Mimi ndiye niliyesema yule bibi aondolewe getini.

Usharika wetu uko kwenye miteremko ya Meru, walikozaliwa wazazi wangu. Mimi nimekulia mjini, Kaloleni, kwenye vyumba vya kupanga, na huko mlimani nilipanda Jumapili tu. Kwa kuwa nina jicho la vitu vizuri, walinipa uenyekiti wa kamati ya mapambo. Nikanogewa. Kanisa likapakwa rangi, vigae vikawekwa vya kung'aa, na mapazia ya madhabahuni nikayashona mwenyewe. Sikuona aibu kupenda uzuri, na siioni hata sasa: mtu aliyeshinda wiki nzima akipalilia kahawa ana haki ya kuketi mahali panapopendeza walau saa mbili.

Ila getini palikuwa na bibi mmoja, mjane, akiuza ndizi juu ya gunia. Maganda hapo, nzi hapo. Kwenye kikao nikasema, "Anatuharibia sura ya kanisa." Wazee wa kanisa wakaafiki, naye akaambiwa ahame. Mahali pake nikapanda maua. Akahamia kule chini barabarani, kwenye vumbi, ambako hakuna aliyesimama kununua. Nilisikia kwamba siku hizi anashindia uji. Nilisikia, nikaendelea kumwagilia maua yangu.

Ikafika Jumapili ya kipaimara. Maua niliyonunua mjini yalikuwa yamenyauka yote. Nikatoka kwa hasira, kisu mkononi, hadi kwenye shamba la jirani, nikakata majani ya isale. Kwangu mimi isale lilikuwa mmea wa kuonyesha mpaka wa shamba basi: la kijani, refu, halinyauki upesi. Nikaona likinyooka tu halina mvuto, kwa hiyo kila jani nikalifunga fundo, kama utepe. Nikayapanga madhabahuni, na moja kubwa nikaliweka mlangoni. Nikarudi nyuma kutazama, nikajisifu.

Watu wakaanza kuingia. Kina mama walifika mlangoni wakasita, wakanong'onezana kwa Kimeru ambacho mimi nakisikia nusunusu. Mzee mmoja wa kanisa alitazama madhabahu, akanitazama mimi, akaketi. Nikadhani uzuri umewazidi! Usilolijua ni kama usiku wa giza.

Kabla ya sadaka, yule bibi aliingia. Tangu ahamishwe hakuwa amekanyaga kanisani. Alikuja mbele polepole, kanga yake imepauka, hadi madhabahuni. Mchungaji akampisha. Bibi akachukua jani moja, akalishika kwa mikono miwili, akatugeukia.

"Nimepita hapo nje nikaliona mlangoni," alisema. "Nikasema, kumbe. Wameniletea isale, tena wamelifunga fundo. Mimi ni nani nikatae? Nimewasamehe."

Nikalitazama lile jani, nisielewe. Mama aliyeketi kando yangu akaniinamia.

"Kwani hukujua? Huku kwetu isale lenye fundo ni la kuomba msamaha. Ukiletewa hukatai, hata kama mtu amekuulia ndugu."

Mbele, bibi akauliza, "Nani amelifunga?"

Kanisa zima liligeukia upande wangu. Wazee waliokuwa wameafiki pamoja nami wakawa wanasoma vitabu vya nyimbo, utafikiri leo ndio wamevipata. Nilitamani vile vigae vipasuke vinimeze. Kama ningesema ni pambo tu, ningemvua nguo mama wa watu mbele ya wale wale waliomfukuza. Nikasimama.

"Ni mimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Basi, yameisha."

Akaenda kuketi benchi la mbele, jani mapajani.

Jumapili iliyofuata nilimkuta getini, gunia limetandikwa, ndizi juu yake. Maua yangu alikuwa ameyang'oa moja moja na mizizi yake, udongo haujadondoka, akayapanga kwenye beseni.

"Haya hapa, mwanangu," aliniambia. "Kayapande pengine, ni mazuri. Hapa ni pangu. Si ndivyo ulivyosema kwa isale lako?"

Nilishindwa kumtazama usoni.

"Ndivyo, bibi," nikajibu, nikalibeba beseni.