Hewa Iliyobaki Ndani ya Injini

Nakumbuka maji ya moto yalivyonijaa ndani ya buti nikiwa bado nimeshika usukani, nyuma Fuso imebeba mpunga kutoka kijiji cha Mamba. Mpira wa hita, ule unaoleta maji ya moto ya injini kupasha kabini joto, ulikuwa umepasukia miguuni pangu. Nikavuta breki, nikaruka, nikakaa kwenye vumbi napiga kelele. Waliponivua buti, ngozi ilitoka na soksi. Ndiyo maana, mwanangu, unaniona natembea hivi.

Asubuhi ile tulikuwa gereji Usevya. Tajiri wa gari, Masanja, alikuwa amekataa kutengeneza stata ya kuwashia, kwa hiyo Fuso ililazwa mteremkoni siku zote, pua chini, iwake kwa kuserereka. Fundi Deo akabadilisha mpira wa rejeta, tangi la kupozea maji ya injini, akajaza maji hapo hapo mteremkoni, akafunga. Sasa gari ikiinama hivyo, hewa inajibana juu, nyuma ya injini, haina pa kutokea.

Tukaiwasha. Injini ikapata moto, lakini hita inapuliza baridi. Nikasema, "Fundi, humo kuna hewa. Tuigeuze pua juu."

Deo akacheka. "Hita ya nini Katavi hii, dreva? Unaumwa malaria? Angalia geji ya joto, imelala chini."

Masanja akadakia, "Nyie madereva maneno mengi! Kama unaogopa, shuka. Wenzako wapo."

Nina watoto. Nikaondoka nayo. Geji ililala njia nzima, maana kipimo chake kilizungukwa na hewa, hakikuguswa na maji. Tulipoanza kupanda kilima, mvuke ukatafuta pa kutokea, ukapasua ule mpira wa hita.

Basi shika hili, mwanangu, maana na wewe sasa ni dreva. Injini ikiwa imepoa kabisa, weka gari pua juu, fungua mfuniko wa rejeta, hita weka ya moto. Washa, iungurume taratibu, minya ule mpira wa juu wa rejeta, ongeza maji kila yakishuka mpaka mapovu yaishe. Hita ikigoma kutoa joto, usitoke na gari, hata tajiri akutukane. Kazi nyingine utapata, miguu hupati.

Mungu akulinde barabarani, urudi kwako unatembea.

Na wewe Masanja, wewe Deo, Fuso ile nimeiona juzi Magamba, imelazwa pua chini vilevile. Nijibuni mbele za watu: dreva wake wa sasa mmemwambia?