Tulipoacha Kuwa Watu wa Kuja

Mwaka jana nilipita Tunduma, nikaenda kulitafuta kaburi la mdogo wangu. Sikuliona. Makaburi ya zamani yamebanwa na maghala, na malori yanayosubiri kuvuka mpaka yanaunguruma hadi ukutani.

Nilikuwa mtoto baba alipotuleta kutoka Kondoa, wakati biashara imefunguliwa na kila mwenye nguo za kuuza anakimbilia mpakani. Unaijua baridi ya kule, ndugu yangu? Asubuhi moshi wa kuni mbichi ulilala juu ya mapaa, na uji wa ulezi ulipoa kabla hujaumaliza. Bibi wa nyumba ya pili, Mnamwanga na Mkristo, alitugawia kipande cha shamba. Mimi na mama hatukujua kupalilia ulezi, na watoto wa jirani walijikunja kwa kicheko: "Watu wa kuja hao! Wanang'oa ulezi, wanabakiza majani!" Mama hakucheka. Kila jioni alisema mvua zikiisha tutarudi kwetu.

Mvua hazijaisha, homa ikamshika mdogo wangu wa kike, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Akafariki alfajiri. Mama alimkumbatia, akakataa kumtoa. Alitaka azikwe Kondoa. Baba akambembeleza: dini yetu yatuhimiza kuzika mapema, na njia ilikuwa ndefu, tena ya matope.

"Simwachi mwanangu kwa wageni," mama akasema.

Yule bibi alikuwa ameketi naye sakafuni. Akamjibu taratibu, "Wageni gani, mwanangu? Sisi tuko kwetu. Mgeni ni wewe. Mtoto tuachie."

Mama alilia sana, kisha akafungua mikono.

Nje ilisikika nyundo. Jirani yetu seremala, bila kuombwa, alikuwa anaunda jeneza kwa mbao alizoweka kwa ajili ya mlango wa nyumba yake. Baba alitoka, akasimama mbele yake.

"Mungu akulipe, mzee. Ila sisi tunazika kwa sanda tu."

"Haa! Udongo umwangukie mtoto usoni?"

Baba akamweleza kuhusu mwanandani, nafasi inayochimbwa ubavuni mwa kaburi, ambamo maiti hulazwa, kisha huzibwa kwa mbao.

"Si ungesema, baba! Nipe kipimo." Akaling'oa misumari jeneza lile, akaanza kukata upya.

Baadaye jirani mwingine alifiwa. Nilimwona mama akijitwika unga na kuni, akatoka bila kuitwa. Alirudi jioni, macho mekundu kwa moshi, akasema kesho tuamke mapema tukapalilie. Habari ya kurudi Kondoa sikuisikia tena kinywani mwake.

Bibi na seremala wametangulia mbele ya haki. Namshukuru Mungu kwa kutupatia watu hao. Siku hiyo ya mwaka jana, nikiwa bado natafuta, ililetwa maiti ya dereva mmoja, mtu wa mbali. Walikuwepo wachimbaji wa kulipwa na tajiri yake aliyekuwa akiongea na simu. Nikachukua koleo.

"Mzee, unamfahamu marehemu?" mchimbaji mmoja akaniuliza.

Nikamwambia simfahamu. Akanishangaa. Siku tuliyomzika mdogo wangu, hakuna aliyeuliza.