Jasusi Aliyefia kwa Kinyozi

Siku kinyozi alipomkwaruza mteja sikio hadi damu, binti yake alimpokonya wembe kwa adabu. "Baba, wewe kaa. Kazi niachie mimi."

Macho ya mzee yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Daktari alishamwambia upasuaji ni mdogo, unaingia asubuhi, mchana uko kwako. Mzee hakutaka kusikia. Ameshika wembe tangu ujana, na anajua vizuri mkono wa mtu unavyoweza kuteleza. "Sikio linapona," alisema. "Jicho je?"

Basi akahamia kwenye benchi la wateja, na kazi ilipopoa binti alimsomea riwaya: jasusi mstaafu anawindwa na ofisi ileile aliyoitumikia. Nimesoma riwaya za namna hiyo kwa lugha nne, katika stesheni na viwanja vya ndege, na zote ni ndugu wa baba mmoja. Mzee naye alizijua nje ndani.

"Huyo mama wa hotelini ni msaliti."

"Baba! Amesalimia tu."

"Amesalimia mno."

Kurasa chache mbele mama akatoa bastola, na mzee akajipiga paja kwa furaha, utadhani ameiandika yeye.

Alasiri moja, nikiwa nasubiri zamu yangu ya kunyolewa, binti alisoma kwa sauti ileile kwamba jasusi amepigwa risasi darajani, akafa papo hapo.

Mzee akauliza, "Amekufa?"

"Amekufa, Baba. Pole."

"Hebu lete." Akakipapasa kitabu, zaidi ya nusu ilikuwa bado. "Na kurasa zote hizi zinamkimbiza nani? Maiti?"

"Soma mwenyewe basi."

Akakisogeza kitabu puani, akageukia dirisha, akakipeleka mbali, akakirudisha. Hakuna aliyecheka. Binti akaanza kujuta, akanyoosha mkono akichukue. Mzee akakibana kwapani.

"Huyo daktari wako ana mkono wa namna gani?"

"Nenda ukaushike."

Akaenda kweli. Binti alinisimulia kwamba kabla ya lolote alimtaka daktari anyooshe mikono yote miwili, akavishika vidole kimoja kimoja, akavikunja, akavikunjua, kama alivyokuwa akiwakagua vijana waliokuja kujifunza unyoaji. Nesi akatazama saa. Hatimaye mzee akasema, "Huu unafaa," akapanda kitandani na viatu vyake.