Niliamini araki ndiyo inayowafupisha mbwa wa kizungu, nikataka kumwozesha Malkia wa watu kwa Kifaru

Wakuu, heshima kwenu.

Mnajua kwa nini vile vimbwa vya kizungu havikui? Vinanyweshwa araki, ile pombe kali ya kienyeji. Kijiko kimoja kila asubuhi vikiwa vichanga, mifupa inakauka, kalas, imeisha hiyo, vinabaki saizi ya paka.

Hayo aliniambia Lado, dereva wetu, nami nikaamini asilimia mia tatu. Nikiongeza chumvi kwenye uzi huu ni kwenye ukubwa wa vitu tu. Mambo yenyewe yalinitokea.

Ilikuwa Juba, miaka ile amani imeshasainiwa na nchi haijagawanyika. Nilikuwa mtunza stoo kwenye kompaundi ya NGO pale Nyakuron, nina cheti cha shule ya usiku, biolojia nimepasi. Shikeni hilo la biolojia.

Bosi wetu, mama mmoja kawaja, mzungu, alikuwa na Chihuahua jike, Malkia. Mkataba ulipoisha akaniachia. Uwanja wa ndege alilia mpaka nikahofia Nile itafurika.

"Niapie utamtunza kama mwanao."

Nikaapa, mkono juu kama shahidi mahakamani.

Malkia ukimweka ndani ya kofia, kofia inabaki na nafasi ya kichwa. Akitembea, kila baada ya hatua chache anakunja mguu mmoja wa nyuma na kuruka kwa mitatu. Mimi nikajua ni madaha ya Ulaya.

Sasa kila mgeni wa kompaundi anamtamani. Nikaona huu ni mradi: Malkia azae. Dume wa aina yake Juba nzima hakuna, lakini kwa msomi kama mimi hiyo ilikuwa shida ndogo. Kama ufupi unatoka kwenye araki, baba yeyote anafaa. Watoto tutawafupisha wenyewe!

Nikamkumbuka Mama Keji wa Gumbo, ng'ambo ya Nile, muuza makaa aliyerudi kutoka Uganda, mzee wa kanisa. Alikuwa na dume, Kifaru. Wakuu, akipiga chafya, Nimule kule mpakani wanafunga madirisha.

Jumamosi asubuhi Lado akatuvusha daraja. Malkia ndani ya jaketi, dumu la araki mapajani, akiba ya wajukuu.

Mama Keji akamtazama Malkia, akamtazama Kifaru, akanitazama mimi.

"Hii panya ndio bibi harusi?"

"Ndiyo, mama."

"Wamepimwa?"

"Kupimwa nini tena?"

"Wewe! Kanisani kwetu hakuna ndoa bila karatasi ya daktari. Kifaru yangu si mbwa ya barabarani."

Nilicheka peke yangu. Akamwita daktari wa mifugo, Mganda, aliyekuwa akichoma mbuzi wa jirani sindano.

Kifaru akapita haraka. Zamu ya Malkia, daktari akashika ule mguu wa madaha, akausukuma taratibu kwa kidole. Kifupa cha goti kikahama, kikarudi. Akaweka mpira wa kusikilizia kifuani, akauhamisha, akasikiliza tena.

"Goti inatoka mahali yake. Na moyo ina kelele mbaya. Hii mbwa haifai kuzaa. Hata na dume kidogo kama yeye, watoto watarithi."

"Na Kifaru je?"

"Ssebo, mtoto wa Kifaru atapita wapi? Utazika mama na watoto siku moja."

Nikamrudisha Malkia ndani ya jaketi. Nikakumbuka kiapo cha uwanja wa ndege. Kidogo tu ningemuua kwa mikono yangu, na cheti mfukoni.

Malkia hakuzaa. Aliishi nami akitembea kwa mitatu, na sasa nikawa nambeba kwenye ngazi. Dumu nikampa Lado. Akalinywa lote, hakurefuka wala hakufupika.

Kwa hiyo wakuu, kabla ya kuzalisha kambwa kako, kapimwe magoti na moyo, na dume naye apimwe. Waliowahi kufuga hivi vimbwa, semeni yenu hapa chini. Na kama kuna uvumi mliomeza mzima mzima kama mimi, msinione peke yangu.

Namalizia na siku ile ile. Daktari akaona dumu, akauliza ni la nini. Nikamweleza sayansi yangu yote, kijiko kwa kijiko. Mama Keji akakaa chini kwenye makaa kwa kucheka.

Daktari hakucheka. Alifunga mkoba wake, akaniambia pole pole, kama anamfundisha mtoto:

"Mbwa hii ni kidogo kwa sababu mama yake na baba yake walikuwa kidogo. Basi."