Umebeba Rangi

Ukuta wa mwisho ambao fundi Kidole aliruhusu uvunjwe ulivunjwa Jumanne, tarehe 5 Februari 2019. Baada ya siku hiyo alipelekwa kwenye nyumba kumi na tisa, akagonga kuta zake, na kote jibu lilikuwa moja: "Huu umebeba."

Jina la Kidole alilipata kazini. Kwa miaka ishirini na mbili, mwenye nyumba akitaka kuunganisha jiko na sebule, yeye ndiye aliyeitwa kwanza. Alikuwa anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole cha kati na kutega sikio. Ukilia kitupu, ni wa kugawa vyumba tu, vunja. Ukilia kizito, umebeba sakafu ya juu, uache. Hakukosea. Lakini miaka hiyo hiyo alikata vigae kwa mashine bila kuziba masikio, na masikio yakafa polepole, la kushoto kwanza. Hakumwambia mtu. Aliendelea kugonga, akakunja uso kama anayesikiliza, kisha akachagua jibu lisiloua mtu.

Aliyejua ni mkewe. Mtu unayelala naye humfichi kwamba husikii akikuita. Mke akamwambia kaka yake, mkandarasi aliyemwajiri Kidole na ambaye wateja walikuwa wameanza kumkimbia.

Jumamosi moja ya Oktoba, shemeji huyo aliwaita mafundi wake wote nyumbani kwake. Alitaka kuvunja ukuta wa jikoni. Lakini kwanza alimsimamisha Kidole mbele ya ukuta mwingine, mweupe, uliokuwa bado unanuka rangi.

"Shemeji, tupe neno," alisema, akimtazama usoni ili midomo isomeke.

Kidole akagonga mara tatu. Alihisi kitu kikitikisika chini ya kidole, akajiambia ni mkono wake. "Huu umebeba. Msiuguse."

Shemeji akarusha ngumi, ikatokea upande wa pili. Ulikuwa ubao wa jasi, umesimamishwa jana yake kwa kazi hiyo tu.

"Umebeba nini, baba? Umebeba rangi!"

"Kidole, hebu nigonge kifuani," fundi bomba alidakia. "Labda nami nimebeba ghorofa!"

Mmoja alicheka hadi akakaa sakafuni. Mke wa Kidole, aliyesimama mlangoni na sinia la vikombe, alicheka pia, kidogo, akiangalia chini. Kidole aliona meno tu.

Ukuta wa jikoni hakuugonga. Alichomoa futi yake mfukoni, akapanda juu hadi chumba cha mama mkwe, akabisha hodi, akapima kutoka dirishani hadi ukuta wa kitanda. Akashuka, akapima jikoni kutoka dirisha la chini yake. Akachungulia darini. Akapima tena.

"Shemeji, ukuta wa chumba cha mama umekaa juu ya huu. Hakuna boriti katikati. Nimepima. Huu kweli umebeba."

Hapo ndipo kicheko kilipopasuka upya, kikubwa kuliko cha kwanza.

"Kumbe mlidhani atasema nini?" shemeji alifuta machozi. "Ungemletea pazia, pazia lingebeba!"

Kidole alimgeukia mkewe, akamnyooshea ile futi, kidole gumba kimebana kipimo. "Wewe unanijua. Soma hapa. Mwambie kaka yako."

Mkewe hakuisoma. "Twende nyumbani, umeshatuaibisha vya kutosha," alisema. Ilimbidi arudie, na mara ya pili alipaza sauti, kila mtu akasikia.

Jumatatu saa mbili asubuhi mafundi wawili wataanza kuvunja ukuta wa jikoni. Kidole amehamishiwa lango la ghala, awe mlinzi. Mama mkwe ameambiwa abaki chumbani kwake na afunge mlango, vumbi lisimfikie.