Beseni la Mama Feza

Punje za mahindi zikidondokea beseni la bati hulia kama mvua inayoanza juu ya paa. Kila nikiisikia sauti hiyo mimi hurudi utotoni mwangu hapa Likasi, na ule wivu wa siku zile hurudi nao, mbichi kabisa.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mama Feza. Hata mashamba yetu, nje ya mji kwenye njia ya Mwadingusha, yalipakana. Mwaka mmoja kaka yake, dereva wa malori, alimletea mbegu za dukani zilizopakwa dawa ya rangi ya waridi. Sisi tulicheka. Mama yangu alikuwa na mbegu zake, mahindi madogo ya bibi, yaliyoning'inia juu ya moshi wa jikoni mpaka maganda yakawa meusi.

Kufikia Januari kicheko kilikwisha. Mahindi yetu yalinifika kifuani. Ya kina Feza yalimmeza baba yao pamoja na kofia yake. Feza, rika langu, alikaa mlangoni kwao akitafuna hindi la kuchoma, polepole, ili nione. Nilimchukia. Nilichukia hata meno yake. Tulipokula bukari, ugali wetu, nyumbani, niliiona ya kwao kuwa nyeupe zaidi, ilhali nilijua sivyo.

Mama naye wivu ulimla, ila yeye alikuwa mtu mzima. Baada ya mavuno alijikaza akaenda kuomba mbegu. Mama Feza akapanda juu ya kiti, akashusha yale mahindi makubwa kuliko yote yaliyokuwa juu ya meko yake.

"Voisine, jirani yangu, beba hizi," akasema. "Njo mizuri yenye niko nayo."

Mama alifurahi hata akazipeleka mbegu zetu za zamani mashineni, zote. Tukala unga wa mbegu za bibi bila kujuta.

Mvua zikanyesha, tukapanda. Shamba likatoka la kuchekesha: hindi hili refu, lile fupi, hili limechanua mapema, lile halina hata gunzi la kuonyesha. Ng'ambo ya mpaka, ya Mama Feza yalisimama tena marefu na sawasawa, maana kaka yake alikuwa amemletea mbegu mpya.

Mama alisimama mpakani muda mrefu. "Aliifunga mbegu na dawa ya kuloga," akaniambia. "Anakuchekea na meno, kumbe roho iko ingine." Kikulacho ki nguoni mwako, akaongeza, nami nikaamini upesi, kwa sababu nilikuwa natafuta siku nyingi sababu nzuri ya kumchukia Feza.

Mama Feza alipoona tulivyoambulia patupu, alituletea beseni lake la maua mekundu limejaa mahindi mabichi. Mama akawatupia bata wetu mahindi yale. Beseni likabaki. Kwetu chombo cha jirani hakirudishwi kitupu, na kutia kitu ndani kungekuwa kupatana. Basi likakaa juu ya kabati miaka na miaka, mpaka kina Feza wakahamia Kolwezi bila mtu kumuaga mwenzake.

Sasa nalima mwenyewe. Ni muuza mbegu aliyenieleza kwamba mbegu zile za dukani hupatikana kwa kuoanisha mahindi ya aina mbili tofauti, na nguvu yote ni ya uzao wa kwanza. Ukipanda watoto wake, kila mmoja hushika njia yake. Ndiyo maana watu hununua mpya kila mwaka. Mama Feza hakujua. Alitupa yaliyo bora kweli, na wivu wetu haukuweza kuamini kwamba mwenye kizuri anaweza kukupa kizuri.

Nilimweleza mama, ambaye sasa ni mzee. Akaniagiza nilishushe beseni, akalipangusa vumbi kwa kitenge chake.

"Uulize ku Kolwezi Mama Feza anaikala fasi gani," akasema. "Beseni ya muntu haiwezi kurudia bule."

Akavuta gunia langu, akaanza kuyachagua mahindi yangu, yale makubwa kuliko yote, na kuyapukuchulia humo. Roho iliniuma. Ndipo nikajua Mama Feza alitoa nini siku ile, juu ya kiti.